UPIMAJI WA DAWA ZA KULEVYA KAZINI: KIPIMO KINASEMA NINI, NA HAKISEMI NINI



Somo letu la leo linahusu jambo linalozungumzwa sana maofisini na mabarazani, lakini ni nadra kuelezwa kwa utulivu. Kila inapotokea ajali ya gari, au anapoonekana mtumishi amedhoofika na kuwa mtoro, husikika watu wakisema: "Wapimwe wote!" Rai hiyo ina nia njema. Hata hivyo, kabla ya kumtaka mtu atoe mkojo wake ukapimwe, hapana budi tujiulize masuala matatu. Kwanza, kipimo hicho hugundua nini hasa? Pili, je, kupima kunapunguza matumizi ya dawa za kulevya miongoni mwa wafanyakazi? Tatu, yule anayekutwa nazo afanyiwe nini?

Nchi iliyoyapitia masuala haya kwa upana zaidi ni Marekani, ambako upimaji wa wafanyakazi umekuwapo kwa zaidi ya miaka hamsini. Wahenga wamesema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tumeona ni vyema basi tuutazame mkasa wa wenzetu hao, tuchukue lenye faida na tuliache lenye madhara.

1. CHANZO CHA UPIMAJI

Upimaji mkubwa wa mwanzo ulihusu askari. Mwezi wa Juni 1971, wakati wa vita vya Vietnam, Rais Richard Nixon alitangaza mpango wa kupambana na dawa za kulevya, ambapo askari walianza kupimwa mkojo kabla ya kupanda ndege kurudi kwao. Aliyekutwa na heroini alizuiliwa kwanza. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari waliorejea nyumbani Septemba 1971. Aliona kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa amefungwa na uraibu alipokuwa vitani. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni kiasi cha asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudi katika uraibu. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwani ilidhaniwa kuwa aliyekwisha kunaswa hanasuki tena. Hapa pana funzo la mwanzo: kumkuta mtu na dawa leo si hukumu ya maisha yake yote.

Tarehe 26 Mei, 1981, ndege ya kivita ilianguka juu ya sitaha ya manowari USS Nimitz na watu 14 wakafariki. Baadhi ya mabaharia waliofariki walikutwa na mabaki ya bangi mwilini. Kuwapo kwa mabaki hayo peke yake hakukuwa ushahidi kwamba bangi ndiyo iliyosababisha ajali, lakini tukio hilo liliwashtua wakuu wa jeshi, na upimaji wa kushtukiza ukaenea.

Mwezi wa Septemba 1986, Rais Ronald Reagan alitia saini amri ya kuzitaka idara za serikali kuu ziwe mahali pa kazi pasipo dawa za kulevya, na watumishi wenye nyadhifa nyeti wapimwe. Miezi michache tu baadaye, tarehe 4 Januari, 1987, garimoshi la abiria lilizigonga injini za garimoshi la mizigo mahali paitwapo Chase, katika jimbo la Maryland. Watu 16 walifariki. Wafanyakazi wawili wa injini zile za mizigo walikuwa wamevuta bangi na wakaipita ishara ya kusimama. Uchunguzi ulionesha pia kwamba filimbi ya kuwatahadharisha ilikuwa imezibwa. Msomaji azingatie jambo hilo: kipimo cha mkojo kilieleza sehemu moja ya msiba, na ukaguzi wa chombo ukaeleza sehemu nyingine.

Mwaka 1988 ilipitishwa sheria iliyowataka wanaopata kandarasi na ruzuku za serikali kuu kuweka kanuni, matangazo na mafunzo dhidi ya dawa za kulevya. Wengi hudhani sheria hiyo ililazimisha upimaji. La, haikufanya hivyo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mashauri mawili siku moja, na kuruhusu wafanyakazi wa reli wapimwe baada ya ajali, pamoja na baadhi ya maofisa wa forodha waliokuwa wakiomba nafasi za kukamata dawa au za kuchukua silaha. Katika shauri la forodha ilielezwa kwamba katika watumishi 3,600 waliopimwa, waliokutwa na dawa walikuwa 5 tu. Majaji wanne kati ya tisa walipinga uamuzi huo. Ilipofika mwaka 1991, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwapima madereva wa malori, marubani, wafanyakazi wa reli na wengineo wanaobeba roho za watu, na safari hii pombe nayo ikaingizwa.

2. JINSI KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Miongozo ya serikali kuu ya Marekani iliyotolewa Aprili 1988 ilitaja aina tano za dawa: bangi, kokeni, jamii ya kasumba (yaani mofini, kodeini na heroini), amfetamini na fensiklidini. Upimaji hupita hatua mbili. Hatua ya awali ni kipimo chepesi na cha bei nafuu, kinachotenganisha mikojo isiyo na shaka na ile yenye shaka. Mkojo wenye shaka hupelekwa katika hatua ya pili, ambayo ni kipimo cha uthibitisho kinachofanywa kwa mitambo mikubwa ya maabara, na ambacho hutambua dawa yenyewe kwa jina lake.

Kila kipimo kina kiwango cha mpaka. Chini ya kiwango hicho mtu huhesabiwa kuwa hana dawa, hata kama chembe chache zipo. Mipaka hii huwekwa na binadamu, na binadamu huirekebisha. Mpaka wa jamii ya kasumba katika kipimo cha awali ulikuwa nanogramu 300 katika kila mililita ya mkojo. Mwishoni mwa mwaka 1998 ulipandishwa hadi 2,000. Sababu ni kwamba watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi, au waliokunywa dawa halali zenye kodeini, walikuwa wakionekana kama watumiaji wa heroini.

Jambo la kushikilia zaidi ni hili: kipimo cha mkojo hakipimi ulevi. Hupima mabaki, na kila dawa ina muda wake wa kubaki. Kokeni na heroini huonekana kwa siku 2 hadi 3 hivi. Bangi huonekana kwa siku chache kwa aliyevuta mara moja, na kwa wiki kadhaa kwa aliyezoea kuvuta kila siku. Pombe yenyewe hutoka mwilini kwa muda wa saa.

Tuchukue mfano. Mtumishi wa kwanza alivuta bangi siku ya mapumziko akiwa nyumbani kwake, na siku nne baadaye yupo kazini akili yake ikiwa timamu. Huenda akakutwa na mabaki. Mtumishi wa pili alikunywa pombe usiku kucha, na asubuhi ameshika usukani huku mikono ikimtetemeka. Akipimwa zile dawa tano tu, atapita bila ya doa. Kati ya wawili hao, ni yupi wa kuogopwa zaidi na abiria? Kwa hakika wa kwanza amevunja sheria ya nchi, na hatumtetei. Tunachosema ni kwamba swali la sheria na swali la usalama ni maswali mawili, na kipimo kimoja hakijibu yote.

3. HESABU YA KUZINGATIA

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni wa kufundishia tu. Idara ina watumishi 1,000. Tuseme 20 kati yao wanatumia dawa za kulevya, na 980 hawatumii. Kipimo cha awali kinawagundua watumiaji 19 katika wale 20. Lakini kipimo hicho hicho hukosea mara 2 katika kila watu 100 wasiotumia.

Katika wale 980 wasiotumia, watu 20 hivi wataonekana wanatumia. Ukijumlisha, walioangukiwa na kipimo ni 39, na zaidi ya nusu yao hawana kosa lolote. Mkuu wa idara akiwafukuza siku ile ile kwa kipimo cha awali, atakuwa amewanyima riziki watu 20 wasio na hatia, kwa kipimo ambacho mwenye kukiuza anaweza kukisifu kuwa ni sahihi kwa asilimia 98. Ndiyo maana katika miongozo tuliyoitaja mtu hahukumiwi kwa hatua ya awali. Sampuli hufungwa na kutiwa saini kila inapobadilisha mikono. Matokeo ya uthibitisho hupelekwa kwa daktari mhakiki, naye humpa mhusika nafasi ya kueleza kama alikuwa akitumia dawa aliyoandikiwa hospitali. Kwa wafanyakazi wa usafiri, sampuli hugawanywa mafungu mawili, ili mwenye kupinga matokeo aweze kuomba fungu la pili lipimwe katika maabara nyingine.

4. JE, UPIMAJI HUPUNGUZA MATUMIZI?

Hili ndilo suala zito. Wanaounga mkono upimaji huonesha mfano wa jeshi la Marekani. Mwaka 1980, askari waliokiri kutumia dawa za kulevya katika siku 30 zilizotangulia walikuwa asilimia 27.6. Mwaka 1988 walikuwa asilimia 4.8, na mwaka 1998 asilimia 2.7. Huo ni upungufu mkubwa, na ni vigumu kusema kwamba upimaji wa kushtukiza haukuchangia.

Lakini tutazame pia upande wa raia. Katika nchi nzima, watu waliotumia dawa hizo ndani ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 14.1 mwaka 1979, na mwaka 1992 walikuwa asilimia 5.8. Wengi wa watu hao hawakupimwa na mwajiri yeyote. Maji yalikuwa yakishuka pwani nzima, basi asije mwenye ngalawa moja akadai kuwa yeye ndiye aliyeyavuta. Aidha, jeshi huchagua wa kuajiri, hufundisha, husimamia mchana na usiku, na humwondoa mkosaji. Ofisi ya kawaida haina nguvu hizo.

Takwimu za maabara nazo zasemaje? Kampuni ya Quest Diagnostics, inayopima mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani, ilieleza kwamba mwaka 1988 waliokutwa na dawa walikuwa asilimia 13.6 ya waliopimwa. Kiwango kiliteremka hadi asilimia 3.5 mwaka 2012, kisha kikapanda tena hadi asilimia 4.6 mwaka 2021. Upimaji haukusimama katika miaka ile ya kupanda. Kilichobadilika zaidi ni hali ya nje ya kazi, kwani majimbo kadhaa yalihalalisha bangi, kuanzia Colorado na Washington mwaka 2012. Kwa upande wa madereva wa malori, mwaka 2020 mamlaka zililazimika kuongeza kiwango cha upimaji wa kushtukiza kutoka asilimia 25 hadi 50 ya madereva kwa mwaka, baada ya waliokutwa na dawa kufikia asilimia 1.

Pana pia jambo la kujificha. Anayejua siku ya kupimwa huacha kwa siku chache, akapita, kisha akarejea. Mwingine haombi kabisa kazi yenye kipimo, bali huenda kwa mwajiri asiyepima. Mwajiri wa kwanza ataona takwimu zake zimependeza, na jamii itabaki na mtumiaji yule yule.

Mwaka 1994, kamati ya wataalamu iliyoundwa chini ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilichapisha taarifa baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo. Ilisema kwamba ushahidi wa kisayansi kuwa upimaji huwazuia wafanyakazi kutumia dawa ulikuwa haba, na kwamba tafiti nyingi hazikufanywa kwa namna ya kuweza kutenganisha sababu moja na nyingine. Haikusema kuwa upimaji haufai; ilisema kuwa watu walikuwa wakidai zaidi ya walichokithibitisha.

5. MTUMIAJI NA KAZI YAKE

Isidhaniwe kwamba dawa za kulevya hazidhuru kazi. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1990 ziliwahusu watumishi wapya wa posta nchini Marekani. Wote walipimwa walipoomba kazi, lakini matokeo yalifichwa na hayakutumiwa katika kuwaajiri. Kisha wakafuatiliwa.

Katika utafiti wa kwanza, waliokutwa na dawa walikosa kazini kwa kiasi cha asilimia 59 zaidi ya wenzao, na waliachishwa kazi kwa asilimia 47 zaidi. Lakini katika ajali na majeraha, haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Katika utafiti wa pili, uliofanywa mjini Boston kwa watumishi 2,537, waliokutwa na bangi walipata ajali kwa asilimia 55 zaidi na majeraha kwa asilimia 85 zaidi. Hata hivyo, watafiti wenyewe walieleza kuwa hatari waliyoiona ilikuwa ndogo kuliko ilivyokuwa ikitangazwa kabla yake.

Tunajifunza kwamba madhara yapo, na yaliyo dhahiri zaidi ni utoro. Na utoro hauhitaji maabara. Daftari la mahudhurio linautosha, likisomwa na msimamizi anayewajua watu wake.

6. ANAYEKUTWA AFANYIWE NINI?

Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha kanuni za utendaji juu ya pombe na dawa za kulevya mahali pa kazi. Msingi wake ni kwamba matatizo hayo yahesabiwe kuwa ni matatizo ya afya, yashughulikiwe bila ya ubaguzi kama maradhi mengine, na siri ya mgonjwa ihifadhiwe. Vile vile kanuni hizo zinataka sera ya mahali pa kazi itungwe kwa mashauriano baina ya mwajiri na wafanyakazi.

Hata ile amri ya Rais Reagan ya mwaka 1986, pamoja na ukali wake, iliacha mlango wazi. Mtumishi aliyejitokeza mwenyewe kabla ya kugunduliwa, akakubali kupata ushauri na matibabu, na akajizuia baada ya hapo, idara haikulazimika kumwadhibu. Huu ni mlango wenye hekima. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tusisahau kuwa mtu huficha maradhi pale anapojua kuwa kuyataja ni kupoteza mkate wa watoto wake.

Kwa upande wetu, wa kupelekwa ana pa kupelekwa. Huduma ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na baadaye ikafika Unguja. Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi wetu huziita soba hausi, zimekuwapo visiwani kwa miaka mingi sasa. Hapa pana tahadhari moja ya kitaalamu: methadoni hutafutwa kwa kipimo chake mahususi, na mwenye kuitumia kwa maelekezo ya daktari ni mgonjwa anayetibiwa. Kumfukuza kazi mtu huyo ni kuivunja tiba katikati.

Kwa wenzetu mabaharia, wanaofanya kazi katika meli za nje, upimaji si habari ya mbali. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, kwa marekebisho ya Manila ya mwaka 2010, umeweka mpaka wa ulevi wa pombe usiozidi asilimia 0.05 katika damu kwa mabaharia walio katika kazi za usalama. Baharia na aujue mpaka huo kabla ya kupanda chombo, na dawa yoyote aliyoandikiwa hospitali aichukue pamoja na cheti chake.

7. MUHTASARI NA MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, kipimo cha mkojo kinaonesha kuwa dawa ilipita mwilini. Hakioneshi kuwa mtu alikuwa amelewa kazini.

Pili, kipimo cha awali peke yake kisitoe hukumu juu ya mtu yeyote. Uthibitisho wa maabara na mahojiano na daktari ni sehemu ya haki.

Tatu, upimaji una nafasi yake iliyo wazi pale uzembe wa mtu mmoja unapoweza kuua wengi: kwenye usukani wa basi, kwenye daraja la meli, kwenye chumba cha rubani. Kadiri tunavyokwenda mbali na nafasi hizo, ndivyo hoja yake inavyopungua nguvu.

Nne, upimaji usiokuwa na tiba huwahamisha watumiaji, na hauwaponyi.

Tano, msimamizi aliye macho, anayeona mabadiliko ya mtumishi wake mapema na kumwita faragha kwa heshima, huokoa mengi kabla ya maabara kuhitajika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu msomaji, abiria anayevuka bahari baina ya Unguja na Pemba ana haki ya kupelekwa na nahodha mwenye akili timamu. Na mtumishi aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini kwa amri ya daktari ana haki ya kutofedheheshwa mbele ya wanawe. Sera njema ni ile inayozilinda haki hizi mbili kwa pamoja.

MASUALA YA KUJADILIANA KAZINI

(a) Katika idara yako, ni nafasi zipi ambazo kosa la mtu mmoja linaweza kuhatarisha maisha ya wengine? Zitaje kwa majina ya kazi, si kwa majina ya watu.

(b) Mtumishi akitaka leo kujitokeza na kuomba msaada, atamwendea nani, na siri yake itahifadhiwa vipi?

(c) Kati ya utoro, ajali na malalamiko ya wananchi, ni lipi linaloweza kuonekana mapema bila ya kipimo chochote?